Baiskeli Haina Tangi la Mafuta

Mwanza,
Jumapili usiku

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Mimi na wa nyumbani sote tu wazima, tunamshukuru Mungu, na ni matumaini yangu nawe hujambo na kazi inaenda. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata pamoja na ule mchoro wa klasi za programu ya usafirishaji, yaani violezo ambavyo programu hutengenezea vitu vyake. Siku tatu sasa nimeubandika ukutani juu ya meza yangu, maana swali lako, "nitumie urithi au polimofizimu?", liliwahi kuninyima usingizi.

Hayo mawili hayashindani. Yamelelewa nyumba moja: wanasayansi wa kompyuta Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, kule Oslo, waliyaweka pamoja kwenye lugha ya programu ya Simula 67, na mpaka leo tunayachanganya. Polimofizimu ni pale msimbo wa programu unapokiambia kitu "kokotoa nauli" bila kujali ni lori au bajaji, na kila kimoja kikakokotoa kwa namna yake. Urithi, yaani klasi moja kujengwa kama mtoto wa klasi nyingine, ni njia mojawapo tu ya kufika hapo, na una gharama, kwa sababu mtoto anachukua vyote vya mzazi, mali na madeni.

Madeni hayo nimeyalipa. Nilikuwa naandika programu ya chama kimoja cha kuweka na kukopa. Klasi yangu ya Akaunti ilikuwa na methodi mbili, yaani kazi mbili inazoweza kufanya: weka() na toa(). Ilipokuja akaunti ya muda maalumu, ambayo fedha zake haziguswi mpaka muda uishe, nikaandika AkauntiYaMuda extends Akaunti, yaani AkauntiYaMuda imrithi Akaunti, nikafurahi kuona nusu ya kazi imeshakwisha. Sasa toa() niifanyeje? Nikaiandika upya ili itoe hitilafu. Kompaila, ile inayokagua msimbo na kuutafsiri kwa kompyuta, haikulalamika, nami nikaenda kulala.

Mwisho wa mwezi programu ikapita akaunti moja moja kukata ada ya shilingi 1,000 kwa kuita toa(). Ilipomfikia mwanachama wa kwanza mwenye akaunti ya muda, ikasimama. Waliomtangulia wamekatwa, waliomfuata bado. Mhasibu akadhani haikufanya kazi kabisa, akabonyeza tena. Asubuhi mama mmoja muuza dagaa alisimama dirishani kashika simu, ananionyesha meseji mbili zilizofuatana: umekatwa 1,000, umekatwa 1,000. Nilishindwa kumtazama usoni. Kwake hiyo ni mboga ya siku.

Mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov alishalieleza jambo hili mwaka 1987: popote programu inapomtegemea mzazi, ukimweka mtoto mahali pake programu isiharibike. Sisi tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka. AkauntiYaMuda yangu ilibeba jina la ukoo, tabia ya ukoo haikuwa nayo.

Nilivyorekebisha ni hivi. Nilitengeneza intafesi ndogo, yaani orodha ya ahadi tu isiyo na cha kurithi, nikaiita InayokatwaAda, yenye methodi moja tu. Akaunti ya akiba ikaitimiza, ya muda sikuipa. Msimbo wa ada ukawa unapokea InayokatwaAda peke yake, kwa hiyo ukijaribu kuupa akaunti ya muda, kompaila inakukatalia palepale, kabla shilingi ya mtu haijaguswa. Hesabu ya riba, ambayo akaunti zote mbili zinaihitaji, nikaihamishia kwenye klasi yake, kila akaunti ikaibeba ndani. Polimofizimu nimeipata, na mzazi hakuna.

Usione ni makosa ya wanagenzi. Kwenye lugha ya Java, tangu toleo la kwanza la mwaka 1996, klasi ya Stack imerithi Vector, ambayo ni orodha unayoweza kuchomeka kitu popote. Stack ni kama sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine, unatoa ya juu tu. Lakini kwa kuwa imerithi, mtu anaweza kuchomeka sahani katikati. Haiwezi kuondolewa, programu za zamani zingevunjika. Waliotengeneza lugha ya Go, iliyotoka 2009, waliacha kabisa urithi wa klasi, wakabaki na intafesi.

Mimi siuachi wote. Mtoto akiweza kutimiza kila ahadi ya mzazi, na klasi zote mbili ziko mikononi mwako, rithi, ngazi moja, basi. Wewe una ngazi tano: Chombo, ChomboChaMoto, Gari, GariLaMizigo, Lori. Ukigusa kitu kwenye Chombo, utawezaje kujua kinachotikisika kule chini?

Kilichonifanya nikuandikie usiku huu badala ya kungoja tuonane ni pembe ya kushoto ya mchoro wako. Baiskeli umeiweka moja kwa moja chini ya Chombo, na Chombo kina jazaMafuta(). Umepanga kuandika nini ndani ya methodi hiyo? Nijibu kabla hujaanza kuandika msimbo, tafadhali. Wasalimie nyumbani, na mtoto mpe busu langu.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.