Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Hali ya Vivuko vya Bomba Kwenye Kijito Chetu

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mlinikabidhi kazi iliyo wazi: kila mahali bomba kuu la maji lilipokivuka kijito chetu, tusipaache mpaka kijito kirudi kuwa kijito. Vivuko ni saba. Vinne vimetulia, viwili vinaendelea vizuri, na kimoja, cha tatu kutoka juu, kimeharibika upya. Hicho nitakieleza bila kuficha kitu, maana sahihi iliyokipokea ni yangu.

Kwa ajili ya wanachama wapya, nianze na jinsi kazi ilivyofanyika. Kwenye vivuko viwili vya juu, ambako kingo ni ndefu na miti ni ya miaka mingi, mkandarasi alitoboa chini kwa chini. Mashine inakaa mbali na maji, inapitisha kekee chini ya kijito na kutokea ng'ambo, kisha bomba linavutwa ndani ya tundu. Kingo hazikuguswa. Wapo wanaodhani njia hii haina hatari, inayo. Tope la kuchimbia husukumwa kwa nguvu, na likipata ufa huibukia majini na kuwafunika wadudu na mayai ya samaki. Kwa hiyo tulidai awepo mtu wa kutazama maji muda wote kekee inapozunguka, na awe na mamlaka ya kuisimamisha mashine. Tope halikuibuka, na miti yote ya pale ingali imesimama.

Vivuko vitano vilivyobaki vilichimbwa mtaro wa wazi. Maji yalizibwa kwa viroba vya mchanga juu na chini ya eneo la kazi, samaki na viluwiluwi waliobaki kwenye madimbwi wakatolewa kwa nyavu na ndoo, kisha pampu zikapitisha maji pembeni na kuyarudisha kijitoni mbele kidogo. Mtaro ukachimbwa pakavu. Ubishi wetu na msimamizi wa ujenzi ulikuwa juu ya muda. Nilimwekea mezani mwongozo wa FERC, tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia mabomba ya gesi, unaotaka kazi ya ndani ya maji imalizike kwa saa 24 kwenye kijito chenye upana usiozidi mita 3 hivi, na kwa saa 48 kwenye mto wa hadi mita 30. Mwongozo huo hautufungi sisi wala yeye, lakini unaonyesha kwamba kazi hiyo hufanyika ndani ya muda huo na mafundi wanaoijua. Tulikubaliana saa 48 kwa kila kivuko, na kwamba bomba liungwe na kupimwa kwanza juu ya ardhi, ndipo kijito kichimbwe. Vivuko vyote vitano vilifungwa ndani ya muda huo. Namshukuru msimamizi kwa hilo.

Sasa kivuko cha tatu.

Kilifungwa mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka juzi, na kilipendeza. Ukingo wa kushoto ulisawazishwa kama ukuta uliopigwa lipu, nyasi zikaota, na mvua zilizofuata zikawa haba. Mwaka ulipotimia mkandarasi alileta hati ya makabidhiano. Kamati ilipita, ikaona kijani kibichi, nami nikasaini. Mvua za mwaka huu zilipokuja, kijito kilijaa pomoni kwa mara ya kwanza tangu kazi ile ifanyike. Maji yalipopungua niliteremka na katibu na wanachama wawili. Nyasi zilikuwepo, ila zimelala majini juu ya bonge la udongo lililokatika, zimeshikana kama zulia. Katibu alilishika pembeni akalifunua: mizizi yote ilikuwa mifupi kuliko kidole. Nguzo ya alama ya bomba, ambayo tulikuwa tumeipima hatua sita kutoka ukingoni, ilikuwa imebakiwa na hatua mbili. Na katikati ya kijito palikuwa na kisiwa cha kokoto ambacho hakikuwahi kuwepo.

Kisiwa hicho ndicho kinachoeleza kosa. Mashine ya kijiko ilihitaji nafasi ya kugeuka, kwa hiyo kijito kilipanuliwa karibu mara mbili ya upana wake, na wakati wa kufunga mtaro hakikurudishwa. Wengi tunadhani kijito kipana ni salama zaidi kwa kuwa maji yana nafasi. Maji yakitandazwa hupoteza kina na mwendo, na yakipoteza mwendo hayawezi tena kubeba kokoto na mchanga yaliokuja nao. Mzigo huo huangushwa katikati, na maji yanayofuata yanaukwepa kwa kula kingo pande zote mbili. Hata tungejenga gabioni, yale masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, upande wa kushoto, yangehamia wa kulia. Pale panahitaji upana, kina na mteremko vilingane na sehemu za kijito zisizoharibika zilizo juu na chini ya kivuko, na vipimo hivyo tunavyo, kwa sababu wanachama wetu walivichukua kwa kamba na rula kabla ya kijiko cha kwanza kushuka. Hatukuvitumia siku ya makabidhiano. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kosa lingine ni la kamati nzima: tulipokea kazi kwa kuhesabu miezi. Waliopima mito kwa miaka mingi wameona kwamba maji yanayojaza mkondo pomoni huja, kwa wastani, mara moja katika kila mwaka mmoja hadi miwili, na kwamba maji ya kiwango hicho ndiyo yanayochonga umbo la kijito kuliko mafuriko makubwa ya nadra. Lakini wastani si ratiba. Miaka miwili au mitatu inaweza kupita bila maji hayo kuja. Kivuko cha tatu kilipita miezi 12 ya dhamana bila kuguswa na maji yoyote yenye nguvu, nasi tukakiita kizima.

Kwa hiyo kamati inaleta azimio mbele yenu. Kivuko kisipokelewe mpaka kijito kimejaa pomoni angalau mara mbili tangu mtaro ufungwe, kikaguliwe kila mara baada ya maji kupungua, na fedha ya dhamana, yaani sehemu ya malipo ya mkandarasi inayozuiliwa, ibaki kwa mwenye mradi mpaka ukaguzi wa pili upite. Mkandarasi amenijibu kwamba hawezi kungojea mvua isiyo na tarehe. Hoja yake ina uzito, maana ana wafanyakazi wa kulipa, na ndiyo sababu tumependekeza kungojea huko kusizidi miaka 5. Bila masharti hayo sitakubali kusaini tena, na nawaomba msimtume mwenyekiti yeyote kusaini.

Mwanachama mmoja aliniuliza kwenye mkutano wa robo mwaka kwa nini tujisumbue na ukingo wakati bomba lenyewe limezikwa. Nilimwahidi jibu kamili, nalo ni hili. Kijito kinachochimba au kuhama hulifukua bomba. Oktoba 1994 mafuriko ya mto San Jacinto, jimbo la Texas, yalipasua mabomba 8 na kuchimba chini ya mengine 29. Mafuta yaliyomwagika yaliwaka juu ya maji. Julai 2011 bomba la mafuta lililopita chini ya mto Yellowstone, jimbo la Montana, lilipasuka baada ya maji ya mafuriko kuondoa udongo uliolifunika. Mabomba hayo yote yalikuwa yamezikwa siku yalipojengwa. Letu ni la maji na halitawaka, lakini likipasuka litafyatua maji ya shinikizo kwenye ukingo uleule uliokwisha kudhoofika, na maelfu wanaolitegemea watafungua mifereji mikavu. Kuulinda ukingo ni kulilinda bomba, na nimemwambia hivyo hivyo mwenye mradi.

Kivuko cha tano kilitusumbua kwa namna nyingine kabisa. Katikati ya kiangazi mama mmoja, mwanachama mwenzetu, alikuja kunieleza kwamba kona ya shamba lake ina matope wakati kila mahali pamepasuka kwa ukame. Wiki hiyo hiyo vijana wa doria walileta habari kwamba kijito kimekauka chini ya kivuko, ilhali juu yake kinatiririka. Nilikwenda. Dimbwi la chini lilikuwa limebaki ufinyanzi ulioviringika kwenye kingo, na dagaa wadogo wamekauka humo. Hatua ishirini juu yake maji yalikuwa yanaimba.

Habari hizo mbili zilikuwa moja. Baada ya kuvuka kijito, bomba linafuata mteremko kando yake hadi chini ya shamba la mama huyo. Bomba hulazwa juu ya mchanga laini ili lisichubuke, na mchanga huo, uliozungukwa na udongo mgumu, ni mfereji uliofichika. Maji ya kijito yaliingia mtaroni, yakalifuata bomba gizani, yakaibukia shambani. Dawa yake inajulikana na si ngumu: vizuizi vya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, vinavyokata mtaro mzima kutoka chini ya bomba hadi karibu na uso wa ardhi, kila upande wa kijito na kila baada ya umbali fulani kwenye mteremko. Vilikuwemo kwenye michoro. Tulipofukua hatukuvikuta. Mkandarasi alivijenga kwa gharama zake, tabaka kwa tabaka, huku wanachama wawili wakisimama mtaroni mpaka tabaka la mwisho. Siku ya tisa maji yalifika kwenye dimbwi. Mama aliyetuletea habari ile ameokoa kijito, na naomba mkutano umpongeze kwa kusimama.

Juu ya mawe ya chini ya kijito nina neno fupi. Kwenye kivuko cha nne kokoto za asili zilitengwa siku ya kuchimba, zikarudishwa juu ya kifusi. Kwenye cha sita zilichanganyika na udongo, na mkandarasi akamwaga mawe ya kupasuliwa kutoka machimboni. Mwezi uliopita niligeuza mawe pande zote mbili. Kwenye cha nne kila jiwe la mviringo lilikuwa na vijumba vya wadudu wa maji chini yake, vimejengwa kwa punje za mchanga kwa ustadi unaokufanya ulirudishe jiwe polepole. Kwenye cha sita mawe yale yenye pembe yalikuwa yamegandamana na tope, na chini yake hapakuwa na kitu. Kivuko cha sita kimo kwenye mpango wa mwaka ujao. Cha nne nakihesabu kimepona.

Upandaji ulifanywa na ninyi wenyewe. Matete yamekaa kwenye mstari wa maji, vipandikizi vya miti ya asili juu yake, na pale udongo ulipokuwa umelegea zaidi tulitandika mikeka ya nyuzi za makumbi, ambayo inaoza yenyewe mizizi ikishashika. Nyasi za vetiva tuliziweka juu ya ukingo tu, ambako mizizi yao mirefu inafaa. Ndani ya mkondo tumeacha mimea iliyozoea kulowa. Pale tulipozungushia ua, miche mingi imepona. Kwenye cha saba hatukuzungushia, mifugo ikashuka kunywa, na tumepanda mara mbili. Mwaka huu tunaweka ua na njia moja ya mifugo iliyojengwa kwa mawe.

Mwenye mradi alitaka mkuza wote, yaani ukanda wa ardhi unaopitiwa na bomba, ufyekwe mpaka majini ili wakaguzi waone njia ya bomba. Hapa pia mwongozo ule wa FERC ulitusaidia: unaruhusu ufyekaji wa kawaida wa ukanda wa takribani mita 3 tu juu ya bomba karibu na maji, na unataka sehemu nyingine ya ukingo iachwe iote, isipokuwa miti ya karibu ambayo mizizi yake inaweza kudhuru bomba. Tumeafikiana hivyo kwa maandishi. Mfyekaji akizidisha, mwiteni msimamizi wa kivuko chenu siku hiyo hiyo.

Mahesabu atayasoma mhazini, na wakaguzi wamekwisha kuyapitia. Kamati ilikutana kila mwezi. Wanachama wapya tumewapata, wengi wao vijana, na doria ya kila wiki imekuwa ikitegemea miguu yao.

Kazi ya mwaka ujao ni kivuko cha tatu kwanza. Mkandarasi amekubali kurudi kiangazi kikianza, ingawa hati ninayojutia ilimpa haki ya kukataa. Mwenye mradi atachangia mashine. Kijito kitarudishwa kwenye upana wa vipimo vyetu, ukingo utalazwa badala ya kusimamishwa, na mguu wake utashikwa kwa magogo na mizizi pamoja na mawe ya mviringo. Kwenye kila kivuko tumepigilia vigingi viwili vya kupigia picha na nguzo moja yenye alama ya pomoni kwa rangi nyekundu. Wasimamizi wa vivuko watakabidhiwa leo daftari na kamba ya kupimia. Maji yakifika kwenye rangi nyekundu, andikeni siku na saa, yaacheni yapungue, kisha pigeni picha kutoka vigingi vilevile na mnipigie simu, hata kama ni usiku.

Azimio la makabidhiano liko mbele yenu kwa ajili ya kupigiwa kura.

Mwenyekiti