Hiyo barafu uipime kwanza, mwanangu

Mwanangu,

Ile picha uliyoweka status nimeiona, umekaa juu ya ndoo katikati ya ziwa unacheka. Baba yako anamuonyesha kila anayepita hapa Kibosho, eti kijana wangu anavua juu ya barafu huko Minnesota, Marekani. Mimi sikucheka. Umesema Jumamosi unarudi ziwani, na yule mwenzako wa kazini amesafiri, maana yake unaenda peke yako, na wewe kuogelea hujui, na usianze ile habari ya nani alikukataza kwenda mtoni na wenzio, wakati ule nilikuwa na sababu zangu.

Mdogo wako kanifungulia YouTube tukaangalia mpaka bando likakata. Kumbe idara ya maliasili ya huko imeandika wazi kabisa, chini ya inchi 4 usikanyage, na hizo inchi 4 ni za barafu mpya ngumu, ile unayoona mpaka maji ya chini. Ile nyeupe yenye theluji ndani yake nguvu ni nusu tu, kwa hiyo uzidishe mara mbili. Sasa zile tofali za banda ni za inchi 6, yaani hiyo inchi 4 haifiki hata unene wa tofali moja, na juu yake unataka ukae wewe na ndoo na mashine ya kutobolea.

Pima baba. Na usipime pale ukingoni ukaridhika, kila ukitembea kidogo gonga na lile fimbo la chuma, toboa, pima tena, maana ziwa haligandi sawasawa, penye chemchemi au mto unaoingia barafu inakuwa nyembamba, na theluji ikishafunika juu ndo huoni kitu halafu inazuia baridi isishuke kuigandisha vizuri.

Najua utasema mama, barafu ya mwanzo ndo samaki wanakula. Hilo nalo tumeliona, blugili bado wako kwenye majani, kina kifupi, ndo maana watu wanaikimbilia barafu changa. Samaki wa kiganja! Ungekuwa unafuata sangara ningesema haya.

Ila umenifurahisha ulivyowavua wengi, wewe uliyekuwa unakimbia kuparua perege wangu wa bwawa la Nyumba ya Mungu kwa sababu eti magamba yanaruka usoni. Naona sasa mnachukua minofu, vichwa mnatupa, hilo sitasema kitu. Hao blugili ni wa mdomo mdogo, ndoano iwe ndogo na mshipi mwembamba, funza mmoja anatosha, na uangalie ncha ya fimbo ya kuvulia maana anagusa kama hajagusa. Wale samaki wengine, krapi, wanatazama juu wakila, chambo kikae juu yao, ukikishusha chini yao hawakioni. Wanachangamka jioni jua likizama, na hapo ndo roho inaniuma, giza linaingia uko peke yako.

Ukiwasha hita ya gesi ndani ya hema acha upenyo. Kila mwaka mwezi wa saba huku tunasikia watu wamelala na jiko la mkaa hawakuamka, hiyo ni hewa ileile ya sumu.

Vaa jaketi la kuokolea. Zile chuma za kushikia barafu zikae shingoni, zikiwa kwenye begi hazina kazi. Ukizama (Mungu apishe mbali) dakika ya kwanza utahema ovyo, tulia, pumzi itarudi, mikono inakuwa na nguvu kama dakika 10 hivi. Geukia ulikotokea maana barafu ya huko ndo ilikubeba, piga miguu mpaka mwili ulale, jivute, ukitoka biringika, usisimame. Bora lakini usiende, subiri mwenzako arudi, samaki watakuwepo tu.

Huku watu wa Dar wameshaanza kuja Krismasi, barabara imejaa magari, mama wa jirani kaniuliza wako anakuja lini nikamwambia mwakani. Ng'ombe kazaa dume. Baba yako dawa za presha anameza akikumbuka. Banda limesimama kwenye kozi ya nne, ile hela ya bati usimuulize yeye, niulize mimi, na usiniulize kwenye simu mdogo wako akiwa karibu maana ada ilikuwa yake.

Jumamosi piga kabla hujatoka, kwako ikiwa saa moja asubuhi huku ni saa kumi jioni, ntakuwa nimeshafunga genge. Ukifika utume picha ya rula ndani ya tundu, sitaki picha ya samaki. Na kofia ya manyoya kama yako umtafutie baba yako, ila chukua namba kubwa, kichwa chake unakijua.

Mama