Rodi ya faiba si taka: jibu kwa msomaji wa Kilifi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Kilifi aliyeandika katika ukurasa huu kwamba kijana wa boti anayenunua rodi ya kuvulia ya faiba siku hizi anaokota kilichotupwa na Wazungu, na kwamba asiyekuwa na rodi ya kaboni asijitie kupeleka wageni kuvua kwa nzi wa manyoya. Barua yake ilinikuta nimeshalipia rodi ya faiba na bado haijafika, kwa hiyo niliisoma kwa makini kuliko ninavyosoma barua nyingi za hapa, za mpira na za wanasiasa. Nikanyamaza. Nilitaka kwanza rodi ifike, niishike, niipeleke majini, ndipo niseme.

Mimi ni fundi wa boti za faiba hapa Malindi. Mati ya nyuzi za kioo, rezini na dawa ya kugandisha ndiyo riziki yangu, na vumbi lake huniwasha shingo hata Ijumaa nikiwa nimeoga na kuvaa kanzu. Kuvua najua tangu utoto, kwa mshipi wa mkono, ndoana na chubwi, kama kila mtoto wa pwani. Kuvua kwa nzi nilifundishwa ukubwani na wageni niliokuwa nikiwatengenezea boti. Nayasema haya ili ndugu yangu wa Kilifi ajue kwamba faiba sikuisoma kwenye karatasi ya muuzaji.

Kwa wasomaji wasioujua uvuvi huu: kwenye mshipi wetu wa kawaida, chubwi ndilo linalovuta mshipi kwenda mbali. Kwenye uvuvi wa nzi hakuna chubwi. Nzi ni manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana, hayana uzito wa kusema, kwa hiyo mshipi wenyewe ndio mzito na ndio unaorushwa. Rodi huupeleka nyuma, mvuvi anasubiri ujikunjue hewani, kisha anausukuma mbele. Ndiyo maana rodi hizi hupewa namba kulingana na uzito wa mshipi. Mshipi wa namba 8, futi 30 zake za mbele zikiwekwa kwenye mizani ni kama gramu 13.6. Wa namba 10 ni kama gramu 18. Rodi ikipewa mshipi usio wake, haifanyi kazi hata ingekuwa ya dhahabu.

Nikaagiza ya namba 8, futi nane, vipande vitatu, kwa ajili ya kolekole wadogo na changu wa kwenye mikoko. Sulisuli wa kaskazi sikumweka hesabuni. Yule anataka namba 12 na boti yenye injini ya maana, na watu wa kazi hiyo tunao hapa kwetu, tena hodari.

Tangazo la muuzaji lilikuwa tamu kweli. Rodi ina roho, rodi ina hisia, rodi inakurudisha enzi za babu. Babu yangu mimi alivua kwa dema. Nilichotaka kujua ni kioo gani kimetumika, maana faiba ni nyuzi za kioo, na nyuzi hizo ziko za aina na aina: ile ya kawaida tunayopaka kwenye boti, na ile ngumu zaidi inayoitwa S, ambayo hutoa rodi nyepesi na yenye kurudi upesi. Tangazo halikusema. Nikaandika kuuliza, nikajibiwa kwa picha nyingine nzuri zaidi ya ile ya kwanza.

Sasa nije kwenye hilo la taka. Rodi za kioo zilianza kuuzwa Marekani mara tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Shakespeare ikiwa mstari wa mbele, kwa ufundi wa mtu aitwaye Arthur Howald. Kabla ya hapo rodi nzuri ilitengenezwa kwa mianzi ya Tonkin iliyotoka Uchina, ikapasuliwa vipande na kugandishwa upya. Marekani ilipofunga biashara na Uchina mwaka 1950, mianzi ikaadimika, na kioo kikachukua karibu soko lote. Kaboni ilikuja kwenye rodi mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya kuanzia kwenye mambo ya ndege. Msomaji wa Kilifi anasema kaboni ilishinda kwa sababu ni bora. Ilishinda kwa sababu ni ngumu na nyepesi: uzi wa kaboni ni kama mara tatu ya ukakamavu wa uzi wa kioo, na uzito wake ni mdogo. Hapo simbishii. Lakini ukakamavu sifa moja tu. Uzi wa kioo huvutika zaidi ya mara mbili ya ule wa kaboni kabla haujakatika, na boti zetu zinaelewa maana ya jambo hilo kila zinapogonga mwamba.

Nani asiyejua rodi za kaboni zinavyokufa huku kwetu? Mara chache ni samaki. Mgeni anarusha vibaya, nzi mwenye macho ya chuma anaigonga rodi, hakuna anayeona kitu. Wiki inayofuata mgeni mwingine, ambaye hana hatia, anainua samaki wa ratili mbili na rodi inalia kaa! vipande viwili. Au inalazwa kwenye boti, mtu anaikanyaga. Kisha kuna mabishano ya nani alipe, na kijana wa boti ndiye mnyonge. Nimeona kijana akiambiwa rodi yake ina dhamana ya maisha, kumbe dhamana ni kuisafirisha ng'ambo kwa pesa zake, alipe na ada juu yake, na asubiri msimu upite.

Rodi yangu ilifika Mombasa, mpwa wangu akaniletea. Jambo la kwanza nililofanya ni kuitazama juani. Hii haikupakwa rangi, na kioo kisichopakwa rangi hupitisha mwanga, kwa hiyo mapovu na sehemu zilizokosa rezini huonekana kwa macho. Kwenye kaboni nyeusi huwezi. Rodi hutengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi kilicholoweshwa rezini, kinakatwa kwa mshazari, kinaviringishwa kwenye chuma chembamba kilichochongoka, kinabanwa kwa utepe na kuokwa kwenye tanuri, kisha chuma kinachomolewa na kubaki bomba. Anayeviringisha vibaya huacha mshono mnene upande mmoja. Kipande cha chini na cha kati vilikuwa safi, nisiseme uongo. Cha ncha kina povu dogo karibu na pete ya tatu ya kupitishia mshipi. Kwenye boti ningelipuuza, kwenye ncha ya rodi nimeliwekea alama kwa kalamu nilifuatilie.

Viungo vinaingiana vizuri na kukaza bila kulazimisha. Vanishi juu ya nyuzi zinazoshika pete ina vitundu vidogo kama vya sindano, na chumvi haihitaji mlango mkubwa kuliko huo. Lakini kilichoniudhi zaidi ni kikalio cha rili, pale kigurudumu cha mshipi kinapofungwa. Wameweka mbao! Mbao nzuri, imeng'arishwa, inafaa kwa mto wa maji baridi kule Aberdare kwenye trauti. Kwa bahari ya Malindi mbao hiyo itavimba, itapasuka, na rili itacheza. Rodi ya namba 8 huku kwetu kazi yake ni baharini. Aliyeamua kuweka mbao pale alikuwa anaifikiria picha.

Mpwa wangu, ambaye ni mtu wa kaboni, aliijaribu kwanza ufukweni, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Alirusha mara kadhaa, mshipi ukamwangukia miguuni. "Mjomba, hii imelala," akaniambia. Nikamwambia asiiharakishe, angoje nyuma hadi ahisi mkono unavutwa. Rodi ya faiba hujipinda mpaka karibu na mpini, haijipindi nchani pekee, kwa hiyo inataka muda. Akangoja. Mshipi ukaenda, ukanyooka, nzi akatua bila kishindo. Akanitazama, akarudia, na hakunirudishia rodi mpaka jua lilipopanda. Kwa mtu anayejifunza ndiyo hali ninayoitaka, maana rodi hii inamwonyesha kosa lake pale pale. Ya kaboni kali hukusamehe kidogo, halafu hukuadhibu umbali ukizidi.

Tuliipeleka Ngomeni, kwa sababu ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari hapa Malindi kuvua ni marufuku, na sitaki barua nyingine ya kunishambulia kwa hilo. Ilikuwa tangambili, kaskazi limechoka na kusi halijashika. Maji yalikuwa yanaanza kujaa kwenye mikono ya bahari katikati ya mikoko, na kule mbali ile minara ya San Marco, ambayo Waitaliano waliitumia kurushia satelaiti. Kwenye mikoko humuoni samaki futi tisini, unamwona futi thelathini, ametokeza ghafla. Hapo ndipo faiba inapoitandika kaboni. Inajipinda hata kwa mshipi mfupi uliotoka nje, wakati rodi kakamavu bado haijahisi uzito wowote.

Kolekole alipokamata, rodi yote ilipinda mpaka mkononi. Alikimbilia mizizi. Nikambana, na ile nailoni nyembamba ya mwisho haikukatika, kwa sababu kila anapovuta ghafla faiba inapokea mshtuko. Ila niseme na upande wa pili: alipofika chini ya boti na kugeuza ubavu, kumwinua ilikuwa shida. Rodi ya kaboni ingemnyanyua mapema. Nilimpata kwa subira na kwa kushusha ncha pembeni, na mkono uliniuma jioni, maana rodi yenyewe ni nzito kuliko ya mpwa wangu ya namba hiyo hiyo.

Kisha kusi likaingia. Hapa namwachia msomaji wa Kilifi ushindi wake. Upepo ukivuma usoni, rodi ya faiba haina kasi ya kuupasua. Mshipi unatoka ukiwa na tumbo kubwa, upepo unaushika na kuurudisha kichwani kwa mrushaji. Nilijaribu ufukweni hapa Malindi, nikajaribu mdomo wa mto Sabaki ambako maji ni matope na nzi haonekani hata hivyo, nikarudi nyumbani. Anayefanya kazi ya kupeleka wageni nje ya mwamba Julai na Agosti na anunue kaboni, wala asinisikilize mimi.

Lakini wangapi kati ya vijana wetu wanafanya kazi hiyo miezi hiyo? Wengi boti zao zinakuja kwangu wakati wa kusi kutengenezwa, ndiyo maana nawajua. Kazi yao ni asubuhi tulivu za kaskazi, mgeni ambaye hajawahi kushika rodi, na mikoko au miamba ya karibu. Kwa kazi hiyo rodi ya faiba haivunjiki ovyo, na ikivunjika mimi naweza kuiunga kwa kipande cha bomba la ndani na kitambaa cha kioo, ikarudi kazini. Kuwaambia hawa kwamba bila kaboni wao si watu wa kazi ni kuwapeleka kwenye deni.

Kwa wauzaji wanaosoma ukurasa huu nina ombi. Andikeni aina ya kioo. Andikeni uzito wa rodi kwa gramu. Na mruhusu mtu aifunge rili na mshipi wake, atoke nayo nje ya duka arushe kabla hajalipa. Muuza mtumba wa Malindi anakuacha uvae koti ujitazame kwenye kioo.

Kikalio cha mbao nimekwisha kukitoa. Nimekigeuza kuwa mpini wa kisu cha kupaa samaki, na mahali pake nimefinyanga cha faiba mwenyewe, hakipendezi ila hakiingizi maji. Vanishi nimeipaka upya. Lile povu la ncha bado nalitazama, na kusi likiisha nitaandika kueleza limefikia wapi. Ndugu wa Kilifi akipenda, aje na kaboni yake Ngomeni maji yakianza kujaa. Asimame boti ya pili, na mpwa wangu ndiye atakayehesabu samaki.

Fundi wa faiba,
Shela, Malindi.