Baba amesema mkono wangu wa kushoto si wa upasuaji

Shangazi, shikamoo.

Ninakuandikia kabla hakujapambazuka kwa sababu usingizi umenikataa, na kwa sababu dirisha la TAMISEMI la kubadilisha tahasusi (mchepuo wa masomo ya kidato cha tano) na vyuo linakaribia kufungwa nami sijui nijaze nini. Matokeo yangu ya kidato cha nne ni mazuri. Fizikia, Kemia na Baiolojia nimepata A zote tatu, na hilo silisemi kwa kujivuna, nalisema usije ukadhani kwamba mzazi wangu anamkinga mtoto asiye na uwezo.

Tangu kidato cha pili nina daftari ambalo nimeandika safari yote ya kuwa daktari bingwa wa upasuaji. Miaka miwili ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha tano na sita, miaka mitano ya shahada ya udaktari, mwaka mmoja wa utarajali (mafunzo ya kazi hospitalini), usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha ubingwa wenyewe, ambao ukisomwa chuoni kwa shahada ya uzamili huchukua miaka mitatu au zaidi, kutegemea chuo. Vyuo nimeviandika: Muhimbili, Bugando na KCMC. Nimeandika pia njia ya pili, ile ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha, ambapo daktari hujifunza akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya mabingwa, na kwa upasuaji wa jumla hufika mwisho kwa miaka mitano. Hata kama hakuna mwaka utakaopotea, nitakuwa nakaribia miaka 30. Wenzangu husema ni mapema mno kuhesabu hivyo, lakini sioni umapema uko wapi, maana anayejaza leo tahasusi isiyo na masomo hayo matatu kwa pamoja amejifungia njia ya kawaida ya udaktari kabla hajafikisha miaka 18.

Sasa lililoniumiza. Baba yangu ni daktari msaidizi katika hospitali ya wilaya. Alianza kama tabibu, akafanya kazi, akarudi kusoma miaka miwili, na tangu nipate akili yeye ndiye anayeamshwa usiku mama mjamzito akishindwa kujifungua, au mtu akiletwa na ngiri iliyokaza. Hivi karibuni ilikuja kambi ya madaktari bingwa hapa kwetu, na mmoja wao alikuja kula chakula cha jioni nyumbani. Mama akamweleza habari za matokeo yangu na lile daftari. Mgeni akafurahi, akaanza kuniuliza nimejipangaje, na kabla sijajibu baba akasema: "Huyu ni mashoto. Vyombo vya thieta havikutengenezwa kwa mkono wake. Atasoma stashahada ya utabibu, miaka mitatu, apate kazi." Alisema hivyo bila kunitazama, kisha akaomba maji.

Angelisema mtu mwingine nisingelikosa usingizi. Nilipokuwa mdogo bibi alinifunga kitambaa mkono wa kushoto ili nijifunze kula kwa kulia, na baba ndiye aliyekifungua. Kula nikajifunza kwa kulia kwa heshima ya watu, lakini kuandika aliagiza niachwe. Mwalimu wa darasa la kwanza aliponichapa vidole kwa kushika kalamu upande huo, baba alikwenda shuleni akiwa bado na sare ya kazini. Fundo la upasuaji nimefundishwa na yeye mwenyewe, kwa uzi wa viatu kwenye mguu wa kiti, na aliniacha nilifunge kwa mkono wangu nilioupenda. Leo mkono huohuo aliousimamia mbele ya bibi na mbele ya mwalimu ndio anaoutoa kama sababu, tena mbele ya mgeni.

Wala sisemi kwamba amedanganya. Nimeuliza, na nimesoma. Vibanio vya kuzuia damu vina meno ya kujifungia karibu na vidole, na meno yale huachia kwa kusukumwa na gumba la kulia. Wa kushoto hulazimika kuvuta gumba kinyume na maumbile yake. Mkasi wa kawaida hukata vizuri kwa kulia kwa sababu mkono wenyewe hubananisha makali, ilhali kwa kushoto makali huachana na uzi hutafunwa. Hata pa kusimama pamepangwa, kwani kwa upasuaji mwingi wa tumbo daktari husimama upande wa kulia wa mgonjwa na msaidizi ng'ambo. Lakini vyombo vya mashoto hutengenezwa, ingawa katika hospitali zetu sidhani kama utavikuta, na mafundo hufungwa kwa mkono wowote, na wapo mashoto waliojizoeza kushika vyombo kwa kulia wakawa mabingwa. Baba anayajua haya kuliko mimi. Ndiyo maana siamini kwamba tatizo ni mkono.

Kama ni fedha, angesema fedha, ningeelewa. Nina wadogo wawili shuleni na mshahara wake naujua. Nimemweleza kwamba wanafunzi wa udaktari huomba mkopo wa Bodi ya Mikopo na kwamba mtarajali hulipwa posho, akanyamaza. Yupo pia mtu wa ukoo ambaye ananong'ona kwamba binti hapaswi kusoma hadi miaka 30, lakini baba hajawahi kusema maneno hayo, na sitamsingizia.

Kuna jambo ambalo mama aliniambia baadaye tukiosha vyombo. Yule mgeni, zamani, alipangiwa hospitali yetu akiwa daktari mpya, na mara ya kwanza alipomtoa mtoto kwa upasuaji hapa, baba ndiye aliyesimama mbele yake akimwongoza. Baada ya muda akaenda kusomea ubingwa. Baba hakuweza, kwa sababu ubingwa hauingiwi bila shahada ya kwanza ya udaktari, na wakati huo sisi tulikuwa tumeshaanza kuzaliwa. Vijana wengi wamepita mikononi mwake namna hiyo, kisha wakarudi wakiwa wakubwa wake. Mama alinieleza ili nimwonee baba huruma, na namwonea. Hata hivyo huruma hiyo hainifutii yale maneno. Kama yeye alinyimwa ngazi, mbona mimi niliye na ngazi mbele yangu naambiwa sina mkono wa kuishika?

Usinielewe vibaya kuhusu utabibu. Ni kazi ya heshima, na nusu ya watu wa wilaya hii wametibiwa na matabibu kabla ya kumwona daktari mwingine yeyote. Usiku huu kuna saa nilijiambia nitajaza chuo cha utabibu kama anavyotaka, niwasaidie wadogo zangu, na huko mbele nitafute njia ya kurudi kwenye shahada, kwani wapo waliofanya hivyo. Saa iliyofuata nikaona kwamba nikijaza hivyo nitakuwa nimekubali kwamba mkono wangu ni kilema, na kila nitakapomtazama baba nitakumbuka meza ile.

Yule mgeni alipokuwa anaondoka alimwachia mama namba yake ya simu, akasema amewahi kufanya kazi na bingwa mashoto, na kwamba nikimpigia atanieleza nianze kuuzoesha mkono wa kulia kwa mambo gani tangu sasa, nisisubiri hadi chuo kikuu. Sijampigia. Kila ninaposhika simu naona kwamba nikijifunza kwa mtu huyo, ambaye alijifunza kwa baba, nitakuwa nimemdhalilisha baba kuliko alivyonidhalilisha yeye. Je, ni usaliti, Shangazi? Au ni haki yangu kutafuta mwalimu baada ya mwalimu wangu wa kwanza kunikataa?

Sihitaji ruhusa ya baba ili nijaze PCB, kwa kuwa maombi nayajaza mwenyewe na alama ni zangu. Lakini sitaki kwenda kidato cha tano bila yeye kusema kwamba niende. Najua maneno hayo mawili hayapatani. Ninachotaka hasa ni akae nami siku moja kama zamani, anishikishe koleo la sindano kwa mkono wa kulia, aone kama siwezi. Nikishindwa mbele yake nitakubali. Ila mama anasema nisimwombe jambo hilo sasa, na mimi sina muda wa kusubiri hasira zipoe.

Nijibu mapema, nakuomba. Na kama utaniambia nimpigie daktari yule, niambie pia kama nianze kwa kumweleza kwamba baba hajui, au ninyamaze hadi aulize mwenyewe.

Msomaji wako,
Mtwara