Mhariri, obi nayo iandikwe

Mhariri, pole na kazi. Makala yenu ya mavazi ya Kijapani nimeisoma yote na nimeipenda, ila kimono imepewa karibu ukurasa mzima halafu obi ikaambulia mstari mmoja tu, eti ni mkanda wa kuzuia kimono isifunguke. Hapana jamani. Kinachoshika kimono ni vikamba vyembamba vinaitwa koshihimo, vinafungwa ndani huko wala huvioni, obi inakuja juu yake na yenyewe ndo pambo, na mara nyingi bei yake inaipita hata hiyo kimono mliyoisifia.

Chukueni ile ya wanawake ya kuvaa kwenye shughuli kubwa, fukuro obi. Urefu zaidi ya mita 4, upana kama sentimita 30, inazungushwa kiunoni mara mbili halafu inafungwa fundo mgongoni, na fundo linalopendwa sana ni taiko, lile linalokaa bapa kama kiboksi. Wale mamaiko wa Kyoto, yaani mabinti wanaojifunza ugeisha, ile kazi ya kutumbuiza wageni kwa ngoma na muziki, ya kwao ni ndefu zaidi, ncha zinaning'inia mpaka karibu na vifundo vya miguu na chini kabisa kuna alama ya nyumba anayotoka binti.

Sasa kazi yenyewe! Obi nyingi nzuri zinatoka Nishijin, mtaa wa wafumaji hapo hapo Kyoto, wafumaji walirudi kukaa pale baada ya vita vya Onin vya 1467 mpaka 1477. Miaka ya 1870 walituma watu Lyon, Ufaransa, wakaja na mashine za Jacquard, zile zinazofuma nakshi kwa kufuata kadi zenye matundu, lakini kuna ufumaji unaitwa tsuzure ambao mpaka leo ni wa mkono, mfumaji anachonga kucha zake ziwe na meno kama msumeno, afu anazitumia kusogeza uzi wa hariri mmoja mmoja ukae mahali pake, nakshi ikiwa ngumu siku nzima inaisha kwa sentimita chache tu. Mtu anatoa mwili wake hivyo halafu sisi tunaandika mkanda! Inaniuma kweli.

Na naona siku hizi obi za zamani zinakatwa zinageuzwa vitambaa vya meza na mikoba, bora hivyo kuliko zioze kabatini, ila kwa ile nzima isiyo na doa mi roho inakataa kabisa.

Mkiandika tena naombeni muanze na wafumaji wa Nishijin, maana wengi wao sa hivi ni wazee na vijana wanaojifunza hiyo kazi ni wachache.

Msomaji wenu,
Tanga