Wajukuu zangu, ombeni muhtasari

Kwenu vijana wa Handeni mliomaliza mafunzo ya uongozi,

Niliwaona mkishuka kwenye Noah pale stendi, fulana mpya, vyeti kwenye bahasha za kaki. Nilifurahi. Jioni mmoja wenu alipita kuniamkia, nikamuuliza mmefundishwa nini. Akanitajia kujiamini, kuzungumza mbele za watu, na namna ya kutumia mitandao ya kijamii. Nikamuuliza halmashauri ya kijiji ina wajumbe wangapi. Akacheka: "Babu, huko hatukufika."

Ni kati ya 15 na 25, mjukuu wangu. Na huko msikofika ndiko siasa iliko.

Siwalaumu, maana hata sisi hatukufundishwa. Nilikuwa na miaka 20 mwaka 1972, serikali za mitaa zilipofutwa. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, halmashauri zikaanza kazi 1984. Miaka yote hiyo ya ujana wangu nilijifunza jambo moja tu: maelekezo yanashuka kutoka juu, sisi huku chini tunapiga makofi. Nilipochaguliwa mwenyekiti wa kijiji mwaka 2004, nikadhani sasa zamu yangu ya kupigiwa makofi imefika. Mhuri nilikuwa natembea nao kwenye mfuko wa koti.

Siku moja akaja mtu na gari zuri, anataka ekari 200 upande wa mtoni. Mtendaji wa kijiji akaandaa barua, mimi nikagonga mhuri. Sikula hela yake, lakini soda nilikunywa, na sifa nilizipenda. Mkutano mkuu wa kijiji ulipokaa chini ya mwembe wa shule, nikaitangaza habari ile kama neema. Wazee wenzangu wakapiga makofi. Ndipo binti mmoja, kidato cha nne kamaliza juzi tu, kakaa chini juu ya kandambili zake, akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, shikamoo. Naomba tusomewe muhtasari wa mkutano uliopitisha."

Nikafungua kaunta buku. Nikageuza kurasa taratibu, nikarudi nyuma, nikageuza tena, na hali najua hakuna kitu. Mtendaji akawa anahesabu maembe. Binti hakupayuka wala hakumtukana mtu, alisubiri tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie kwanza, na yeye alikuwa ameisoma. Mimi mwenye mhuri sikuwa nimeisoma. Ile barua tukaifuta palepale. Wiki nzima nilikuwa namwitikia "marahaba" kwa kununa. Leo namwambia hadharani, mama, ulinitoa aibuni kabla sijazama zaidi.

Yule binti hakuwa na cheo. Alikuwa na miaka 18, na kila mkazi aliyefikisha umri huo ni mjumbe wa mkutano mkuu. Kugombea uenyekiti ndiko kunakodai 21. Kwa hiyo, ile miaka mnayosubiri "kuingia kwenye siasa", mimi sijui mnasubiri nini.

Mkutano mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa. Yasikilizeni kwa kalamu. Ukisikia "ukarabati wa ofisi", uliza bati ngapi na fundi nani, halafu toka nje ukahesabu bati. Mtakapoanza hivyo mtaitwa wakorofi, na pengine baba yako mwenyewe atakuambia unamvunjia heshima mwenyekiti. Amkieni kwanza, ulizeni baadaye.

Na tafadhali, siasa yenu isiishie kwenye mikopo ya halmashauri ya wilaya. Najua ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Kuichukua ni haki yenu. Lakini asilimia 90 iliyobaki inajadiliwa kwenye baraza la madiwani, na vikao vile viko wazi kwa wananchi. Nimehudhuria mara nyingi. Viti vya wananchi vinakaliwa na madereva wanaowasubiri mabosi wao.

Wenye ndoto za mkoani wajue kabisa: mkoa hauna baraza la kuchaguliwa, na mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais. Aliyechaguliwa kwa kura akifika kwenye kamati ya ushauri ya mkoa, anafika kwa sababu ni mbunge au mwenyekiti wa halmashauri. Mwenyekiti wa halmashauri ni diwani, na diwani anatokana na kata. Njia ni hiyo.

Kuhusu vyama sitasema mengi. Mgombea binafsi haruhusiwi, kwa hiyo lazima uwe na chama, na fomu za kugombea zijazeni kama mnaandika wosia. Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa, wengi kwa kilichoitwa makosa ya kujaza fomu. Haki ilikuwa wapi, kila mtu ana lake. Mimi nasema msimpe mtu kisingizio.

Mkutano wetu wa robo hii ni Jumamosi, saa nne. Utaanza saa sita, mnatujua. Njooni saa nne hiyohiyo, mkae mbele, na mmoja wenu aje na daftari. Kaunta buku langu la zamani nitakuja nalo, lile lenye kurasa tupu, mlione.

Babu yenu,
mwenyekiti mstaafu