Kwa nini tunakuuliza usingizi kabla ya kukukanda

Mteja mgeni hushangaa. Amekuja kukandwa mabega, sisi tunamuuliza analala saa ngapi, anatumia dawa gani, na kama vidonda vyake hukawia kupona. Wapo wanaodhani ni umbea. Sivyo: maswali hayo yanahusu kinga ya mwili, na jinsi msongo wa mawazo unavyoigusa.

Kinga ya mwili husikiliza ubongo kupitia njia mbili. Ya neva ni ya sekunde tu: ukishtuka, moyo unadunda, adrenalini inamwagika, na chembe nyeupe zilizokuwa zimetulia kwenye wengu zinaingia kwenye damu. Ya homoni huja nyuma yake: tezi zilizokaa juu ya figo hutoa kotisoli, homoni ambayo kazi yake mojawapo ni kuzuia uvimbe (ule wa mwili unapopambana na jeraha au maradhi) usipite kiasi. Kwa hiyo msongo wa muda mfupi hauna ubaya mkubwa. Balaa ni ule usiokwisha. Mwaka 1995, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake huko Marekani walitoboa vidonda vidogo vya ukubwa mmoja kwenye mikono ya wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na ya wengine wasiouguza mtu. Wale waliouguza walichelewa kupona kwa siku 9 hivi.

Usingizi unaingiaje hapa? Kotisoli ina saa yake. Hupanda alfajiri na asubuhi, hushuka kabisa karibu na usiku wa manane. Anayekesha kila siku huivuruga ratiba hiyo, na kinga nayo huyumba.

Sasa, neva ya vagasi. Hii hushuka kutoka kwenye ubongo, kupitia shingoni, hadi tumboni, na ndiyo breki ya moyo. Kevin Tracey na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba kuisisimua kwa umeme kwenye panya hupunguza kemikali za uvimbe. Tangu hapo matangazo hayana haya: kandwa shingo, upate kinga ya chuma! Sisi hatusemi hivyo. Kupumua taratibu, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, hupunguza kasi ya moyo, na wengi hutoka kwetu wakiwa wametulia na misuli imelegea. Hicho ndicho tunachouza. Kukuahidi kwamba hutashikwa na mafua kungekuwa uongo.

Swali la dawa ndilo zito zaidi. Anayemeza vidonge vya steroidi kwa muda mrefu (ni ndugu wa kotisoli hao) ngozi yake huwa nyembamba na huvilia damu upesi, kwa hiyo tunamkanda kwa mkono mwepesi. Na tafadhali, usiviache ghafla kwa sababu umejisikia nafuu. Tezi zako za juu ya figo zilishazoea kupumzika na huhitaji muda kuamka, ndiyo maana daktari hupunguza dozi kidogo kidogo.

Ukiamka na homa au mitoki imevimba siku ya miadi, usije. Tupigie tukupangie siku nyingine, bila malipo ya kuahirisha.